Jumapili ya Kumchukua Posy

Jumapili zote nyingine nilipanda kilima kile nikiwa na mkoba wa karatasi laini, kitana cha chuma na chupa ya mafuta ya lozi. Jumapili hii nilipanda na kizimba.

Kilikuwa kizimba chepesi cha plastiki, chenye mlango wa wavu, na Mama alikuwa amekitandika taulo jeupe kwa mikono yake mwenyewe kabla hatujatoka nyumbani. Yeye alibaki ndani ya gari kwenye lango la chini, vioo vimepandishwa, chupa ya chai mapajani. Mwaka mzima mbwa wetu aliishi kwa akina Greenwood, na mwaka mzima Mama hakuwahi kukanyaga mlangoni mwao.

"Nusu saa, Lorna," aliniambia. "Unashukuru, unamchukua Posy, unashuka. Usikae kunywa chai."

"Nikikataa chai watajua kuna jambo."

"Kizimba si watakiona? Basi wameshajua."

Mama yangu, Mavis Sugden, hana maneno ya akiba. Nikafunga mlango wa gari, nikaanza kupanda.

Ukungu ulikuwa umelala bondeni, minara ya viwanda vya zamani vya sufu ikichungulia juu yake, na huku mlimani jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa ukuta wa mawe ambao Callum Greenwood aliujenga mwezi wa pili baada ya Posy kuhamia kwao. Ukuta ule naujua jiwe kwa jiwe. Jumapili nne mfululizo nilisimama pale nikijifanya napumzika, kumbe namtazama mjenzi. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, mwanamke mzima mwenye cherehani yake na wateja wake, na bado natafuta visingizio vya kusimama kando ya ukuta. Ndivyo nilivyokuwa nimepatikana.

Wacha nieleze mambo yalivyokuwa, usije ukanihukumu mapema. Posy ni mbwa mdogo wa aina ya huku kwetu Yorkshire, wa kubebwa kwapani, mwenye nywele za rangi ya chuma mgongoni na za dhahabu usoni, ndefu mpaka sakafuni. Hati zake zilikuwa na majina mawili ya wenye mbwa, Mavis Sugden na Callum Greenwood. Wafugaji wa mbwa wa maonyesho hufanya hivyo nyumba zao zikijaa. Mbwa anaishi kwa mtu mwingine kama mbwa wa nyumbani, ila mfugaji anabaki na haki ya kumpeleka mashindanoni, na ya kumrudisha akitaka. Sisi tulikuwa nao kumi na mmoja. Posy akawa wa kumi na mbili, akaenda kwa Callum, ambaye alichokuwa anatafuta ni kitu tu cha kumtoa baba yake kitandani. Tangu mkewe afariki, Mzee Walter alikuwa ameacha hata kuvaa viatu.

Masharti aliyatunga Mama. Nywele zifungwe kwa karatasi, fungu kwa fungu, zisichakae, kila Jumatano na kila Jumapili, na mfungaji niwe mimi. Mbwa asikanyage nyasi. Asipande sofa. Asifukuze kondoo. Na asipapaswe, maana nywele za hariri zikisuguliwa hukatika, na zikikatika ni miaka miwili kuzingoja.

Hilo la mwisho nililijua kuliko jina langu. Nimekulia katika nyumba iliyojaa mbwa na hakuna hata mmoja aliyewahi kulala miguuni pangu. Utotoni nilikuwa nakaa sakafuni nikiwatazama kwenye vizimba vyao safi, vichwa vimejaa vifungo vya karatasi, nao wananitazama. Nadhani tulikuwa tunatamani kitu kimoja.

Sasa Posy alikuwa amepata vyeti viwili. Akipata cha tatu anakuwa bingwa, na Mama hajapata bingwa tangu baba yangu alipotutoka. Maonyesho yalikuwa baada ya wiki sita. Asubuhi ile, mbele ya yai la kuchemsha, Mama alisema Posy anarudi nyumbani, atakaa chumba cha juu mpaka siku ya maonyesho, na baada ya hapo atazaa. Hakusema atarudi kwa akina Greenwood. Sikuuliza. Nilisema, "Sawa, Mama," kama nilivyokuwa nikisema tangu nina miaka tisa.

Na Posy akiondoka, Jumapili zangu zinaondoka naye. Hilo pia sikulisema.

Callum alifungua mlango kabla sijabisha. Alikuwa na shati la buluu, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko, na vumbi la mawe lilikuwa bado kwenye nyusi zake ingawa ilikuwa siku ya mapumziko. Alitabasamu kwanza. Kisha macho yake yakashuka, yakakuta nilichobeba, na lile tabasamu likabaki usoni peke yake bila mwenyewe.

"Cha nini hicho?"

"Mama anamtaka nyumbani."

"Kwa muda gani?"

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa na tope pembeni.

"Lorna. Kwa muda gani?"

"Hakusema."

Akanipokea kizimba kama mwanamume anayepokea mzigo wa mgeni, akakiweka nje, kando ya mlango, si ndani. "Ingia," akasema taratibu. "Nje baridi."

Jiko lao lina dirisha moja refu linalotazama mashariki, na asubuhi kama ile mwanga hushuka ukutani hadi mezani, halafu unakaa tu. Ukiingia humo ukitoka kwenye baridi unahisi kama mtu amekuita kwa jina la utotoni. Kulikuwa na harufu ya keki ya tangawizi na ya makaa. Mzee Walter alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko la chuma, viatu vimefungwa kamba vizuri, Posy mapajani.

"Posy, saluni imefunguliwa," alisema mzee. "Mwenye karatasi ameshafika. Mbona sura hiyo, binti? Umemeza kitana?"

"Amekuja na kizimba, Baba," Callum alisema.

Mkono wa mzee ulikuwa umekaa juu ya mgongo wa mbwa, mkubwa, umeparara, na haukusogea.

"Ala," alisema mwishowe. "Mavis ameanza kutuma askari."

"Samahani, Mzee Walter."

"Wewe huna kosa. Askari hutumwa tu." Akageuza uso dirishani. Nilitamani anitukane.

Callum alimimina chai bila kuniuliza, akaweka na sukari kijiko kimoja na nusu, kipimo ambacho sikumbuki kumwambia. "Mfungue nywele hapa, kama kawaida," alisema. "Umchane, umfunge upya, uende naye akiwa safi. Hilo halikiuki amri ya mtu."

"Mama ameniambia nusu saa."

"Basi nusu saa."

Sasa nikuambie kitu kuhusu kumfungua nywele mbwa wa aina ile. Unamweka mezani juu ya taulo, unavua ukanda mdogo wa mpira, unafunua karatasi, na fungu moja linaanguka. Unafanya hivyo tena. Taratibu mbwa anapotea ndani ya nywele zake, na chumba kinanyamaza. Mwaka mzima nilikuwa nafanya kazi hiyo mezani pale, Callum amesimama nyuma ya bega langu la kushoto, na hatukuwahi kuzungumza jambo kubwa. Alinieleza juu ya mawe. Nilimweleza juu ya mapazia ya watu. Lakini kila karatasi iliyofunuliwa nilihisi kama ni mimi ninayefunguliwa, na siku nyingine nilirudi nyumbani nikiwa sikumbuki nimepita njia gani.

Siku ile mikono yangu ilikuwa mizito. Nikafungua karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikaishika, nikaigeuza kwenye mwanga.

Mimi hukunja karatasi mara tatu, halafu naipinda kuelekea kushoto. Nilifundishwa na Mama, na Mama ni mashoto. Karatasi ile ilikuwa imepindwa kulia. Nikatazama iliyofuata. Kulia. Nikazitazama zote zilizobaki kichwani na ubavuni na mkiani, ishirini na mbili, zote kulia.

"Callum, nani amezifunga hizi?"

Nyuma yangu nilisikia akiweka birika chini.

"Mwambie," alisema Mzee Walter bila kugeuka, "kabla hajaanza kunishuku mimi."

"Mimi," Callum alisema.

"Lini?"

"Jana."

"Na zile nilizofunga mimi Jumatano?"

"Nilimfungua Alhamisi." Alikuja akasimama upande wa pili wa meza ili anione usoni. "Huwa namwacha akimbie juu huko, kwenye vichaka. Siku tatu kwa wiki, wakati mwingine nne. Akirudi namwosha, namkausha, namfunga upya. Tangu mwezi wake wa kwanza hapa."

Kwenye msumari nyuma ya mlango alikuwa ametundika kitu nilichokuwa nikikiona kila wiki nikidhani ni tambara. Alikishusha. Ilikuwa mikono miwili ya koti lake la mvua la nta, imekatwa, ikaunganishwa kwa uzi wa kushonea viatu, ikatobolewa matundu manne ya miguu. Mishono yake ilikuwa ya kutisha. Mimi ni mshonaji, na nakwambia ilikuwa ya kutisha.

"Anavaa hili. Nywele hazigusi kitu," alisema.

"Anafukuza kondoo?"

"Anajaribu. Kondoo wanamcheka."

Nilitaka kukasirika nikafanikiwa. "Mwaka mzima umenidanganya."

"Hukuniuliza."

"Kila Jumatano na kila Jumapili nilikuwa nafungua karatasi hapa nikijisifu moyoni, tazama kazi yangu inavyodumu. Kumbe nafungua kazi yako. Nilimwambia hata Mama. Nilimwambia, mikono yangu sasa imekomaa."

"Imekomaa kweli. Nilijifunza kwa kukutazama."

"Usinitanie."

"Sitanii. Mara ya kwanza ilinichukua saa nne. Vidole hivi vimezoea mawe, Lorna. Nilipasua karatasi thelathini. Baba alikuwa ananishikia taa huku ananitukana."

"Nilimtukana kwa haki," alisema mzee.

"Kwa nini hukuniambia?"

Callum aliliweka lile koti la mbwa mezani, akalinyoosha, ingawa halikuhitaji kunyooshwa. "Ningekuambia, ungemwambia mama yako. Angemchukua. Na wewe usingekuja tena."

"Nisingekuja," nilisema. "Ningekuja kwa sababu gani?"

"Hilo ndilo swali langu."

Alinitazama. Si kitambo kirefu, labda muda wa kumeza mate, lakini nakumbuka kila kitu kilichokuwa machoni mwake. Nakumbuka mwanga ulivyokuwa umepanda hadi kwenye ukosi wa shati lake, na Posy alivyokaa katikati yetu nusu amefunguliwa nusu amefungwa. Kipande cha karatasi kilikuwa kimenasa kwenye kiwiko changu. Alinyoosha mkono akakitoa, na mkono wake ukachelewa kuondoka. Nilijua jibu. Lilikuwa limefika hadi ulimini, na nililiogopa kuliko nilivyomwogopa Mama.

Kisha mlango ukagongwa mara tatu, na hakuna anayegonga namna ile isipokuwa mtu mmoja.

"Nusu saa imepita na dakika kumi na mbili," alisema Mama akiingia. Koti amelifunga vifungo vyote, mkoba kwapani. Aliangalia jiko lile mara moja, chai yangu, keki, koti la mbwa lenye mishono ya kutisha. Kisha akamwona Posy, ambaye kwa kusikia sauti alikuwa ameruka kutoka mezani, akapita sakafuni na nywele zake zote zilizofunguliwa, akarudi mapajani kwa Mzee Walter. Mkono wa mzee ulikuwa tayari unapita juu yake, kutoka kichwani hadi mkiani, kutoka kichwani hadi mkiani.

"Toa mkono wako kwenye nywele hizo," Mama alisema.

"Karibu, Mavis. Mwaka mzima nasema leo atakuja kunisalimu, kesho atakuja."

"Mkono, Walter."

Mzee akauinua mkono juu kama mtu aliyekamatwa. Mama akainama, akashika fungu la nywele kati ya vidole viwili, akalipeleka puani. Akalinusa mara ya pili.

"Huyu mbwa ananuka kondoo."

"Si yeye, ni mimi," alisema Mzee Walter, akaashiria mkebe uliokuwa dirishani. "Mafuta ya sufu ya kondoo. Nilichambua sufu kiwandani miaka ishirini na sita, mikono ikayazoea. Nisipopaka inapasuka."

"Na unamsugua nayo mbwa wangu?"

"Nampapasa. Mafuta yanajiendea yenyewe."

Nikangoja radi. Mama alimbeba Posy hadi mezani, akatoa mkobani utepe wa kupimia. Mama husafiri na utepe, wenzake husafiri na rozari. Alipima ubavu wa kushoto. Akapima wa kulia. Akachambua ncha za nywele moja moja kwenye mwanga akitafuta zilizokatika, na midomo yake ilikuwa inasogea kama anayehesabu, halafu ikaacha kusogea. Nilimfahamu vizuri. Alikuwa hapati kitu.

"Ameongeza vidole vitatu tangu kiangazi," alisema polepole. "Haujakatika hata unywele mmoja. Sijawahi kupata nywele namna hii. Hata kwa bingwa wa baba yako." Akakaa kitini bila kukaribishwa. "Mama yangu alikuwa anasema. Wachana sufu walikuwa wakitoka kiwandani jioni na mikono ina mafuta, mbwa wanawapanda mapajani, ndiyo maana nywele zikafika chini. Nikaona ni maneno ya wazee tu. Mimi nikawakataza watu wasiguse mbwa miaka arobaini."

Nilikuwa nawaza wale kumi na mmoja kwenye vizimba vyao, na mtoto aliyekaa sakafuni.

Lakini Mama ni Mama. Akakunja utepe, akainuka. "Basi nimejifunza. Mkebe nitautafuta mjini. Lorna, mfunge haraka, twende."

"Mkebe utaupata," alisema Mzee Walter. Sauti yake ilikuwa imepoteza mzaha wote. "Sijui mkono wa kumpapasa utaupata wapi. Wewe huna muda, una mbwa kumi na mmoja. Mimi sina kingine, Mavis."

"Ana jina langu kwenye hati."

"Analo. Sibishi."

Mama akanigeukia. "Lorna."

Nilichukua karatasi. Naapa nilichukua karatasi na nikaanza kukunja, mara moja, mara mbili, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imemtii kabla yangu mimi mwenyewe. Mara ya tatu nikasita.

"Simchukui, Mama."

"Unasema?"

"Posy anabaki hapa. Wiki sita zijazo, na baada ya maonyesho, na akizaa azalie hapa. Utampeleka mashindanoni kama ulivyokuwa unampeleka, na mimi nitasimama naye mbele ya majaji. Akitoka pale anarudi kwenye kiti hiki."

"Na wewe unarudi kwenye kiti kipi?" Aliuliza kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba safari ile yote haikuwa ya mbwa. "Unadhani sijaona? Jumatano unapaka manukato kwenda kufunga nywele za mbwa. Jumapili unaondoka saa tatu unarudi saa kumi na moja. Tazama hii." Akanyoosha mikono yake mbele yangu, na sikuwa nimeitazama vizuri kwa muda mrefu. Viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, kidole cha shahada kimepinda pembeni. "Siwezi kukunja karatasi hata moja tangu Krismasi. Ni wewe tu. Ukihamia juu huku, nani atabaki na mimi? Watu wa mlimani hawashuki, Lorna. Mimi nimewajua maisha yangu yote."

"Ungeniambia mikono inauma."

"Ningekuambia ungebaki kwa huruma."

Nilimshika mikono ile. Ilikuwa baridi. "Nimebaki kwako miaka yote kwa kukupenda, si kwa huruma, na sitaacha. Lakini nampenda Callum, Mama. Nampenda tangu alipokuwa anajenga ule ukuta pale chini. Nimechoka kusingizia mbwa."

Nilikuwa nimesahau kwamba Callum yuko palepale, kando ya birika, na kikombe mkononi. Mama hakusahau. Alimtazama juu ya bega langu.

"Yeye alikuwa anajua?"

"Sasa anajua," nilisema, na masikio yangu yakawaka moto.

Callum akaweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa. Mwanamume yule hana maneno ya hotuba, na nilishukuru kwamba hakuyatafuta. "Bi Sugden," alisema, "kule kwako wangapi wana nywele za kufungwa?"

"Wanne. Wengine wazee, tumeshawanyoa."

"Wanne nitawaweza. Jumanne na Ijumaa, nikitoka kazini. Nitashuka."

"Maneno hayo."

"Niangalie, basi."

Mama alimkazia macho. Kisha akavua koti, kifungo kimoja kimoja, kwa taabu, wala hakukubali kusaidiwa. Akavuta kiti hadi mezani, akamsogezea Posy na rundo la karatasi. "Kaa. Anza na paji la uso. Hapo ndipo wanapoharibu wote."

Nimewahi kuona wachumba wakihojiwa juu ya kazi zao, nyumba zao, dini zao. Wangu alihojiwa kwa karatasi. Kwa mikono yake mikubwa aligawa nywele, akaweka karatasi chini yake, akakunja.

"Unavuta. Huyu si ukuta," Mama alisema. "Fungua."

Akafungua, akaanza upya.

"Umeacha unywele mmoja nje. Fungua."

Akafungua tena. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mzee Walter alifungua kinywa kusema kitu, nikamkanyaga mguu. Mara ya tatu Callum alikunja taratibu, akapinda kuelekea kulia, akaufunga ukanda wa mpira kwa ncha za vidole. Mama akainamisha kichwa, akakigusa kile kifungo upande mmoja, akakigusa upande wa pili.

"Marehemu mume wangu," alisema hatimaye, "tuliishi miaka thelathini na moja. Hakujifunza kufunga hata kimoja." Akasukuma karatasi nyingine mbele ya Callum. "Endelea na ndevu. Atabaki hapa. Lakini sofa, hapana."

"Sofa anapanda tangu Novemba," alisema Mzee Walter.

Mama akafumba macho. "Sijasikia."

Alipomaliza ndevu Callum aliomba ruhusa, kweli aliomba, akafunge lango la chini ambalo Mama alikuwa ameliacha wazi. Nikatoka naye. Hakuna aliyeniuliza kwa nini lango linahitaji watu wawili. Hatukufika hata langoni. Ukungu ulikuwa umeondoka, na kilima kizima kilikuwa kimeiva rangi ya zambarau kwa maua ya vichaka, na kondoo walisimama kwenye mwanga bila haraka ya kwenda popote. Callum alisimama hatua tatu nje ya mlango.

"Yale uliyosema mle ndani."

"Uliyasikia."

"Niliyasikia. Lakini ulikuwa unamwambia mama yako." Vidole vyake vilikuwa bado vinang'aa mafuta. Akavifuta kwenye suruali, akaniangalia, na sauti yake ikashuka. "Nataka kuambiwa mimi."

Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeyapanga maneno yale usiku, nikayapamba, nikayarudia mbele ya kioo. Yote yalinikimbia. Nikamshika shati kifuani kwa mikono miwili, nikamwambia kwa neno moja tu, na akanijibu kwa hilohilo moja, midomo yake ikiwa imeshafika kwenye paji langu. Sijui tulisimama vile kwa muda gani. Najua tu nilikuwa nasikia moyo wake, na kwamba sikutaka kujua ni saa ngapi.

"Lorna!" Sauti ya Mama ilitoka jikoni, kali, bila aibu yoyote, nyumbani kwa watu. "Mnaingiza baridi, na chai ya mzee wa watu inapoa. Njooni ndani, nyote wawili."